Mabano Tuliyokuwa Tunayaruka

Naomba kwanza mcheke mmalize, maana najua mtacheka, na hapa Kilosa mpaka leo nikikatiza karibu na stesheni kuna watu wananiita "Simjui" kana kwamba ndilo jina nililopewa na wazazi wangu. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi mtu mzima, mwenye duka la pembejeo, baba wa watoto watatu, niliyesimama katikati ya mchezo wa kuigiza kule Mikumi, ukumbi umejaa, nikamkumbusha mwigizaji maneno yake kwa sauti ileile ninayonadia mbegu za mahindi siku ya gulio. Aibu ya namna ile sijawahi kuipata kabla wala baada, na ajabu yake ni kwamba siku hiyohiyo ndiyo niliyoona kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuviona, kwa hiyo nikiikumbuka huwa sijui niinamishe kichwa au nikiinue.

Nianze na chama chenyewe. Tuko wanane, tunakutana kila Jumamosi alasiri kwenye baraza ya duka langu, katikati ya mabomba ya kupulizia dawa na magunia ya mbolea, tunasoma tamthilia za zamani kwa sauti, kila mtu na nafasi yake, halafu tunabishana mpaka wapita njia wanasimama kuuliza kama kuna kesi. Aliyekianzisha ni Mwalimu Agnesi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ambaye baba yake alitoka kusini kuja kukata mkonge akazeekea hapa, naye amefundisha nusu ya mji huu kuandika insha, mimi nikiwemo (na alinichapa, mara mbili, kwa haki). Huyu mama amefundisha tamthilia miaka zaidi ya thelathini na hajawahi kuona hata moja ikichezwa jukwaani. Ni kama kukariri mapishi ya pilau maisha yako yote bila kuonja.

Sasa chama kina desturi mbili, nazo mzishike vizuri kwa sababu ndizo zilizoniponza. Ya kwanza, hatusomi mabano. Mnajua kwenye tamthilia kuna yale maelekezo ya mwandishi, anaingia, anatoka, anakaa, yameandikwa kwenye mabano. Sisi tangu mwanzo Mwalimu alisema tuyaruke, maana muda ni mchache, magharibi wengine wanakwenda kuswali, na mwenzetu Saibulu, mfugaji, anarudi Msowero kwa pikipiki kuangalia ng'ombe wake. Tukayaruka mpaka macho yetu yakazoea, ukifika kwenye mabano unaruka kama unavyoruka dimbwi.

Desturi ya pili ni kudaka. Vitabu vyetu ni fotokopi ya fotokopi, maneno mengine yamefutika, na wasomaji wengine (simtaji Mama Zuhura wa vitenge) wanapotea mstari kila ukurasa. Basi msomaji akikwama, unahesabu moyoni moja, mbili, tatu, halafu yeyote anayeyajua maneno anayadaka kwa sauti ili mchezo usianguke chini. Na mdakaji mkuu wa chama, bila kujisifu (nitajisifu kidogo), ni mimi. Kuna tamthilia moja tuliyoisoma mara nyingi mpaka nikaimeza yote, watu wote, baba, mama, mtemi na walinzi. Ukiniamsha usingizini nakudakia.

Tamthilia yenyewe ni ya mama mmoja ambaye mwanawe amelitoroka jeshi la mtemi. Kijana anakamatwa, analetwa barazani, lakini anasema yeye ni mpita njia tu, hana kwao hapo. Mtemi anamwita yule mama, anamuuliza: "Mwanamke, mtu huyu unamjua?" Akisema ndiyo, mtoto anauawa. Akisema hapana, mtoto anaachiwa aende zake, lakini mama hatamwita tena mwanangu mpaka afe. Naye anajibu: "Simjui. Mtoto wangu nilimzika." Sisi hapo tulikuwa tunapita mbio kama treni isiyo na kituo, mtemi anauliza, pap, Mama Zuhura anajibu, tunaendelea.

Mwaka wa safari hiyo ya Mikumi, Mwalimu alianza kujigonga kwenye viti. Tukadhani uzee, kumbe ni presha ya macho. Akatuambia Jumamosi moja, bila kulia, kwamba pembeni kote kumeshaingia giza, amebakiwa na katundu katikati, na hospitali wamemwambia kilichopotea hakirudi, dawa ni za kulinda kilichobaki. "Na hiki kilichobaki," akasema, "nataka nikitumie kwa jambo moja. Nione tamthilia ikichezwa. Moja tu."

Haikupita miezi miwili, Mama Zuhura akarudi kutoka Mikumi kupeleka vitenge, hajashusha hata mkoba, anapiga kelele kwamba kuna kundi la waigizaji linapita, litacheza Mikumi alasiri moja kisha linaelekea Iringa, na tamthilia ni ileile, yetu, ya mama na mtemi! Jamani, mngetuona. Saibulu alimkumbatia mteja wangu aliyekuja kununua sumu ya panya.

Hapo ndipo Mwalimu alipouliza swali dogo sana. "Nani kati yetu amewahi kuingia kwenye ukumbi wa maigizo, atuongoze tusiaibike?"

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, na mkono wangu, sijui nani aliuinua, ukawa uko juu.

"Mimi, Mwalimu. Dar. Mara kadhaa."

(Ukweli ni huu: nilikwenda Dar kufuata vipuri vya mabomba, nikapita nje ya ukumbi mmoja, nikasoma tangazo lililobandikwa mlangoni, nikanunua muhogo wa kuchoma, nikaondoka.)

Uongo una miguu mifupi lakini ule wangu ulikimbia. Nikateuliwa mkuu wa msafara palepale. Wakaanza kuniuliza, na mimi kwa kuwa nilishaanza ningeishia wapi, nikajibu. Mavazi? Suti. Vitabu? Vinabebwa, kila mtu afuatilie na chake, ndiyo heshima yenyewe. Kupiga makofi? "Nyie nitazameni mimi tu. Nikipiga makofi, pigeni. Nikisimama, simameni."

"Baba Shani," Mama Zuhura akasema, macho yamemtoka, "kumbe wewe ni mtu wa mambo makubwa."

Nikaguna kwa unyenyekevu, kama mtu wa mambo makubwa.

Siku ilipofika tulikodi Noah, tukapita vijiji vya Ulaya na Zombo tukiwa tumevaa suti kwenye joto lile, mimi na koti la harusi yangu ambalo lilikuwa linanikumbusha kwa kila kifungo kwamba harusi ilikuwa ya zamani. Mwalimu alivaa gauni la bluu na miwani aliyoifuta njia nzima. Nikawakalisha safu ya mbele kabisa, Mwalimu upande wangu wa kulia ili lile tundu lake lielekee jukwaani moja kwa moja. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi, kwa hiyo nje ni saa tisa jua linawaka na ndani ni giza, na mbele mwanga mmoja tu wa njano umelala kwenye mbao.

Akaingia mtu amebeba kigoda. Nikajua mchezo umeanza. Nikapiga makofi, na wenzangu wote wakapiga makofi, kwa nguvu, Saibulu akaongeza na mluzi. Yule mtu akashtuka, akaweka kigoda, akatutazama, akainama kidogo kwa adabu, akatoka. Alikuwa mpanga viti.

Nyuma yetu watu wakaanza kucheka chini kwa chini. Mimi nikakaza shingo. Mchezo ulipoanza kweli, tukafungua vitabu vyetu, na kila ukurasa ulipokwisha tulifunua kwa pamoja, karatasi zote zikalia shwaa ukumbi mzima, mpaka dada mmoja wa safu ya pili akauliza, "Samahani, nyie mmekuja kufanya mtihani?"

Lakini hayo yote nikayasahau, maana aliingia mama.

Sijui nisemeje. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, kajifunga kaniki, peku, hana hata urembo. Akaokota ungo akaanza kupepeta, na ungo haukuwa na kitu, nawaapia nilikuwa safu ya mbele, ulikuwa mtupu, lakini mimi niliona mchele. Niliona na pumba zikipeperuka, nikafumba jicho zisiniingie! Maneno niliyoyameza miaka yote yalikuwa yanatoka kinywani mwake na yalikuwa mageni. Nikafunga kitabu. Kuna maneno ya kuchekesha ambayo kwenye baraza ya duka huwa tunayacheka, nikasikia ukumbi unayacheka na mimi machozi yananilengalenga, sijui kwa nini. Nikamtazama Mwalimu kwa pembeni. Alikuwa ameegemea mbele, mdomo wazi kidogo kama mtoto, ameshika miwani kwa mikono miwili isimtoroke. Nikajisemea moyoni, hata kama niliongopa, hili nimelifanya.

Tukafika barazani kwa mtemi. Kijana kafungwa kamba. Mama kasimama upande wa pili. Mtemi akauliza, "Mwanamke, mtu huyu unamjua?"

Mama hakujibu.

Nikasubiri. Moja. Alikuwa anamtazama kijana miguuni. Mbili. Hasemi kitu. Ukumbi wote umebana pumzi. Tatu. Mungu wangu, nikasema, dada wa watu amesahau maneno! Amesahau hapa, mahali penyewe, mbele ya Mwalimu aliyebakiwa na katundu kamoja, mchezo unaanguka chini na hakuna wa kuudaka. Nikaona mzigo wote ni wangu, mkuu wa msafara, mdakaji mkuu.

Nikasimama. "SIMJUI!" nikapaza. "MTOTO WANGU NILIMZIKA!"

Na kwa kuwa niliwaambia nikisimama wasimame, wakasimama. Wote sita, viti vikilia. Na kwa kuwa Mama Zuhura alidhani ndiyo taratibu za Dar, akarudia kwa sauti kubwa kuliko yangu, "Simjui! Mtoto wangu nilimzika!", na wengine wakaitikia kama kwaya, na Saibulu, ambaye husoma polepole, akamalizia peke yake wenzake walipokwisha nyamaza: "...nilimzika."

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. Mtemi mwenyewe alitupa kisogo, mabega yanatikisika. Na hayo ningeyavumilia, aibu ya kuchekwa huwa inapoa, lakini wakati nasimama kwa haraka, na lile koti lililonibana mabegani, kiwiko changu cha kulia kilikuwa kimempiga Mwalimu usoni, na miwani yake ilikuwa imeruka ikapotelea gizani chini ya viti.

"Miwani yangu," nilimsikia akisema, taratibu sana. "Baba Shani. Miwani."

Nikataka kuinama. Sikuweza, kwa sababu jukwaani kulikuwa na jambo linafanyika.

Mama hakuwa ametikisika. Ukumbi mzima unacheka, yeye yuko vilevile, anamtazama mwanawe, macho yametoka miguuni yamefika magotini. Wala hakuonyesha kwamba ametusikia. Kicheko kikaanza kuchoka. Kikapungua safu kwa safu, mpaka akabaki mtu mmoja anacheka, akajisikia, akaacha. Macho yakafika kwenye kamba mikononi. Yakakaa hapo. Yakapanda kifuani, yakafika shingoni, na mimi nikaelewa kwamba huyu mama anamkariri mwanawe. Anamchukua kipande kwa kipande aende naye nyumbani, kwa sababu akishasema neno lile hataruhusiwa tena kumtazama namna hii. Tulisimama sisi saba kama miti, hakuna aliyethubutu kukaa kiti kisije kikalia. Nje lori lilipita kwenye barabara kuu, mlio wake ukaisha. Nilisikia baridi ndani ya lile koti. Ndipo akafika usoni kwa kijana, akasema, kwa sauti ndogo ambayo hata mimi wa mbele nilitega sikio kuisikia:

"Simjui. Mtoto wangu nilimzika."

Maneno hayo nimeyasema mara ngapi? Siku hiyo ndiyo niliyasikia. Nikalia, kweli, mtu mzima, kamasi na vyote.

Na mtu pekee ambaye hakuona lolote katika hayo ni yule aliyekuja kuona. Alikuwa amekaa, uso ameuelekeza jukwaani, mbele yake ukungu mtupu. Miwani tuliipata mchezo ukiwa umekwisha, chini ya safu ya tatu, imepinda sikio. Mimi niliyeongopa niliona. Yeye aliyesubiri maisha yake yote akasikiliza.

Tulitoka nje, jua linachoma macho, wenzangu wamekusanyika kwenye Noah hawanisemeshi. Mwalimu akanyoosha kitabu chake kwangu. "Nisomee pale," akasema. "Na mabano."

Nikasoma, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile: "Kimya kirefu. Mama anamtazama mwanawe tangu nyayo hadi utosini. Hatikisiki."

"Ilikuwa imeandikwa," nikasema.

"Ilikuwa imeandikwa. Kosa la kuyaruka ni langu, mimi ndiye niliyewafundisha. Lakini ukumbi wa maigizo hujawahi kuingia wewe. Nilijua tangu ulipompigia makofi yule wa kigoda."

Nikawaambia wote palepale. Habari ya vipuri, tangazo la mlangoni, hata muhogo. Mama Zuhura alishika kiuno. "Na suti hizi?" akauliza. "Joto lote hili, Baba Shani?"

Nikaona kubaki pale na aibu yangu hakumsaidii mtu, nikazunguka nyuma ya ukumbi kwenye uwanja waliokuwa wanapakia vitu, nikamkuta yule mama ameshavaa dera, amefuta uso nusu, anakunywa soda. Nikamfuata.

"Dada, mimi ndiye..."

"Nakujua," akasema. Halafu akajicheka mwenyewe, "Au niseme simjui?"

Nikamwomba radhi, nikamweleza kudaka, nikamweleza mabano, na miwani, na katundu. Nilipofika kwenye katundu aliweka soda chini. "Yuko wapi?"

Akaja nami mpaka kwenye gari, mkono mmoja bado una kitambaa cha kufutia rangi. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umecheza vizuri. Nimekusikia."

Yule mama alimshika Mwalimu mkono akamsogeza mpaka mahali ambapo jua lilikuwa linamwangaza yeye mwigizaji usoni, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama. Mwalimu alivaa miwani iliyopinda, akaigeuza geuza mpaka tundu likakaa sawa. Na yule mama akaanza upya, pale kwenye vumbi, katikati ya masanduku na watu wanaopakia, akamtazama Mwalimu kuanzia kwenye viatu vyake vya kanisani. Hakuharakisha. Alipanda taratibu, gauni la bluu, mikono yenye mishipa, shingo. Wapakiaji waliacha kupakia. Malori yalikuwa yanapita na sikuyasikia. Sijui ilichukua muda gani. Nilihesabu tatu, nikahesabu tena tatu, nikaacha kuhesabu, na nilikuwa nimejiziba mdomo kwa kiganja, kwa hofu ya kwamba ulimi wangu unaweza kunitoroka tena. Macho yao yakakutana. Wakatazamana, hakuna aliyetikisika.

Mwisho Mwalimu ndiye aliyesema. Maneno ya kwenye kitabu hakuyagusa.

"Inatosha, mwanangu. Nimekuona."

Tulirudi Kilosa bila mtu kuongea, hata Mama Zuhura, na hiyo peke yake ni habari ya kuandikwa.

Siku hizi mabano tunayasoma. Na kwa adhabu, ambayo chama kilipitisha kwa kura saba dhidi ya moja, mimi nimevuliwa udakaji na nimepewa nafasi ya kudumu katika kila tamthilia: palipoandikwa kimya, mhusika ni mimi. Nasoma "kimya kirefu," nafunga mdomo, na hakuna wa kuendelea mpaka niinue mkono. Mlidhani kazi rahisi? Jaribuni. Mwalimu sasa haoni vizuri hata kwa hilo tundu, anakuja ameshikwa mkono, lakini zamu yangu ikifika hugeuza uso upande nilipo, akasikiliza, na siku nikiharakisha ananiambia mbele za watu, "Baba Shani, umekikata."

Kwa hiyo nimeapa, na nyie ni mashahidi, sitainua mkono tena kwa jambo nisilolijua, na sitamdaka tena mtu aliyenyamaza. Jumamosi iliyopita Saibulu alikwama kwenye neno. Wote wakanigeukia kwa mazoea, na neno lenyewe nilikuwa nalo, liko mlangoni, linanisukuma meno. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nikahesabu nne. Saibulu akasogeza kidole kwenye karatasi, jasho likimtoka, tukamngoja mpaka akalipata mwenyewe.